Mdosi Hajali Lita: Venye Pikapu Inakula Mshahara wa Dere Kabla Jua Lizame

Kila tarehe 14 ya mwezi ikifika jioni, magrupu za WhatsApp zinawaka. EPRA wametoa bei mpya. Mwenye gari analia, mwenye boda analia, hata msee hana baiskeli analia juu anajua nauli ya mathree inakuja kupanda na nyanya inafuata. Asubuhi tarehe 15 tunaamka, tunalipa, maisha inasonga.

Lakini kuna stori moja ya mafuta huwa hatuongei, na ndio hiyo nataka tupige leo. Ni stori ya mafuta yenye inachomeka bure ndani ya gari, na nani anailipia. Nimeijua kwa brathe yangu mkubwa, mwenye anaendesha pikapu ya dizeli ya mdosi fulani. Mimi nilitoka koleji kabla nimalize, so hesabu yangu si ya profesa. Ni ya kadaftari ka soo moja na kalamu ya kukopa. Lakini hesabu ni hesabu.

Kazi inaendanga hivi

Brathe analala Kinoo. Siku ya kazi anapanda hadi Njabini, Kinangop, anabeba viazi, anashuka nazo Marikiti. Akishusha, anatafuta kazi ndogo ya tao, kama kuhamisha mse keja, halafu anarudi home. Jumla ya siku ni kama kilomita 190. Siku poa inamletea thao nane.

Mdosi anataka thao tatu kila jioni. Hiyo haina mjadala, mvua inyeshe, jua liwake. Mafuta ni juu ya dere. Cess na wapakiaji ni juu ya mwenye viazi. Kenye kinabaki ndio mshahara wa brathe.

Sasa weka dizeli kwa 170 lita, ndio hesabu iwe rahisi. Hiyo pikapu ilikuwa inaenda kilomita 8 kwa lita. Gawa 190 kwa 8, unapata lita 23 na robo tatu. Hiyo ni kama 4,040. Toa kwa thao nane, toa thao tatu za mdosi, brathe anabaki na kama 960. Mse ameamka saa kumi usiku, amerudi saa moja jioni, na amebaki na 960. Akikula lunch na apigwe "chai" kwa barabara na wale jamaa wa roadblock, hapo hakuna kitu.

Siku moja mathe alipiga simu akitaka pesa ya dawa, brathe akakosa jibu. Aliniangalia akaniambia, "We mdogo, mimi nafanyia petroli stesheni kazi. Mdosi ni wa pili. Mimi ni wa tatu."

Hapo ndio nikaamua nitapanda hiyo pikapu wiki mbili nione doh inapotelea wapi.

Kwanza, bei yenyewe

Tusidanganyane ati kila kitu ni mguu wa dere. Oktoba 2023 dizeli ilifika 205.47 hapa Nairobi na petroli ikagonga 217.36. Mwaka huohuo VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikafika 16. Julai 2024 ushuru wa kutengeneza barabara ukatoka 18 hadi 25 kwa kila lita. Weka na excise duty na ushuru zingine, unapata sehemu kubwa ya kila lita unaweka si mafuta, ni serikali.

Chukua bei ya Oktoba 2023 uweke kwa ile hesabu ya brathe. Lita 23 na robo tatu inakuwa karibu 4,880. Toa yote, anabaki na shilingi 120. Hiyo ni siku nzima, msee.

So bei ni ngori, na hakuna venye dere anaweza kuibadilisha akiwa nyuma ya usukani. Kenye anaweza kugusa ni hizo lita 23. Swali ni kwani lazima ziwe 23?

Kupima bila kudanganywa na geji

Madere wengi ukiwauliza gari inakula aje, wanakuambia "inakula poa" ama "inakunywa kama mlevi wa kona." Hiyo si hesabu. Mshale wa geji nao ni muongo, ukipanda mlima unasema kitu, ukishuka unasema ingine.

Tulifanya hivi. Tulijaza tenki hadi pampu ikakata yenyewe, tukaandika kilomita za kwa dashibodi. Tukafanya kazi ya siku. Jioni tukarudi petroli stesheni ileile, pampu ileile, tukajaza hadi ikakata tena. Lita zenye ziliingia ndio gari imekula. Gawa kilomita kwa lita. Wiki ya kwanza brathe aliendesha kawaida yake. Jibu lilikuwa 8, siku ingine chini kidogo, siku ingine juu kidogo.

Mguu wa brathe

Brathe ni dere fiti, hajawahi kugonga mtu. Lakini anaendesha ni kama kuna mtu anamfukuza. Taa ikigeuka kijani, anakanyaga. Mita mia mbele kuna tuta, anabonyeza breki. Akivuka tuta, anakanyaga tena. Kutoka Kinoo kuenda mbele, matuta ni mengi kuliko maduka.

Fikiria hivi. Mafuta ndio ilisukuma hiyo gari hadi ikapata spidi. Ukikanyaga breki, hiyo spidi yote unaigeuza kuwa moto kwa breki, inapotea hewani. Umenunua kitu ukaitupa, halafu unainunua tena baada ya tuta. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema kuendesha kwa pupa inaweza kukula asilimia 15 hadi 30 ya mafuta kwa haiwei, na kwa jam ya kuenda na kusimama inafika asilimia 10 hadi 40. Hiyo si doh ya mandazi.

Dawa ni kuangalia mbali. Ukiona tuta, ama gari za mbele zimewasha taa nyekundu, toa mguu mapema, acha gari ipunguze yenyewe ikiwa ndani ya gia. Injini nyingi za siku hizi, ukitoa mguu na gari iko kwa gia, mafuta inakatwa kabisa hadi spidi ishuke. Hizo mita mia umeenda free.

Spidi sasa. Juu kule haiwei brathe alikuwa anapenda 110 akiwa mtupu. Pikapu imekaa kama kabati, haikati upepo, inaupiga kifua. Na upepo haupandi polepole: ukitoka 80 ukaenda 110, nguvu ya upepo kukusukuma nyuma inakaribia mara mbili. Kwa kilomita 50 za barabara wazi, 110 inakuokolea dakika kumi hivi. Halafu unafika Kangemi unakaa kwa jam dakika arobaini. Umekimbilia nini?

Ile ya nyutro, wachana nayo

Kuna wasee watakuambia ukishuka mlima weka nyutro, utasevu. Wamekosea mara mbili. Kwanza, gari ikiwa nyutro injini inabidi ijichomee mafuta ndio isizime, lakini ikiwa kwa gia inavutwa na tairi na haihitaji mafuta. So unatumia zaidi, si kidogo. Pili, umebaki na breki pekee, na ukiwa na tani moja ya viazi mgongoni, breki zikipata moto sana zinakataa kushika. Polisi wamesema kwa miaka mingi ati madere wa trela kuweka nyutro ndio ilifanya mteremko wa Salgaa ukawa kaburi. Hakuna lita inafaa hiyo bei.

Kinangop iko zaidi ya mita 2,400 juu, Nairobi ni kama 1,700. Bahati ya brathe ni kuwa anapanda akiwa mtupu na anashuka na mzigo. Akishuka kwa gia, mguu nje, mlima unamsaidia. Akiweka nyutro anautupa huo msaada na anahatarisha maisha yake na ya wengine.

Mlango wa nyuma, fungua ama funga?

Hii nayo ni debate ya kila stage. Wasee wengi wanashusha mlango wa nyuma wakiwa watupu, ati upepo upite. Inakaa kama ni kweli, lakini si kweli. Ile shoo ya MythBusters ilijaribu hii, na pikapu yenye mlango umefungwa ndio ilienda mbali zaidi. Ukiufunga, hewa inajizungusha pale nyuma inakuwa kama mto, na upepo wa juu unateleza juu yake. Ukifungua, unaharibu hiyo mpango. So funga. Na keria ya juu ya kebini kama haina kazi, toa, juu inashika upepo hata ikiwa tupu.

Mzigo ni stori fupi. Kila kilo unabeba unailipia kila ukianza kusonga na kila ukipanda. Nyuma ya hiyo pikapu tulipata spea tairi mbili, minyororo, mawe ya kuzuia tairi na gunia limelowa tangu mvua ya zamani. Tulibakisha spea moja. Kwa viazi, sheria ya 2019 inasema gunia lisipite kilo 50, so gunia 20 ni tani moja. Lumbesa inakudanganya: unahesabu magunia machache, kumbe umebeba tani moja na nusu na unalipwa ya tani moja.

Tairi, kale ka chuma kadogo, na mdosi

Hapa sasa ndio stori inageuka, juu ilitoka kwa mguu wa brathe ikaenda kwa mfuko wa mdosi.

Tulienda kwa mtu wa pancha tukapima upepo. Tairi mbili za nyuma zilikuwa chini sana ya ile namba imeandikwa kwa stika ya mlango wa dere. Tairi ikikosa upepo inajibonda kwa lami, injini inafanya kazi zaidi, na tairi yenyewe inaisha haraka. Kuna namba ya gari tupu na namba ya gari ikiwa na mzigo. Kupima ni dakika tano, na mtu wa pancha mwenye mnajuana atakufanyia ya bure. Hiyo brathe alimaliza mwenyewe.

Lakini fundi mmoja wa Kirinyaga Road alifungua boneti akatuonyesha kitu. Thamostati haikuwa. Kuna fundi wa zamani aliitoa, ile kawaida ya hapa kwetu: gari ikipata joto kidogo, wanatoa thamostati, wanakuambia sasa itapoa. Itapoa, ndio, lakini itapoa hadi izidi. Injini ya gari inataka joto lake maalum ndio ichome mafuta vizuri. Bila thamostati inachukua muda mrefu kupata hilo joto, na asubuhi ya baridi ya Kinangop unaweza kuendesha umbali mrefu bado haijafika. Wakati wote huo inakunywa zaidi. Ea klina nayo ilikuwa imejaa vumbi hadi ukiigonga inatoa wingu, na moshi mweusi ulikuwa unatoka nyuma kila akikanyaga. Moshi mweusi wa dizeli ni mafuta yenye haijachomeka vizuri. Umeinunua, inaruka ikienda.

Brathe akampigia mdosi. "Boss, gari inataka thamostati na ea klina." Mdosi akauliza, "Imesimama?" "Hapana, boss, inatembea." "Basi wacha itembee."

Nilikaa na hiyo jibu siku mzima. Halafu nikaelewa kuwa mdosi si mjinga, na pengine hata si mbaya. Yeye anapata thao tatu gari ikienda kilomita 8 kwa lita, na anapata thao tatuzile ikienda 12. Lita si shida yake. Akinunua thamostati, doh inatoka kwake na faida inaenda kwa brathe. Brathe naye ndio anaumia na kila lita, lakini gari si yake, so kila spea akinunua anajengea mtu mwingine mali. Mwenye gari hajali lita, na mwenye anajali lita hana gari. Katikati hapo ndio mafuta inachomeka bure, kila siku, kwa maelfu ya pikapu, Canter, mathree na boda zenye zinaendeshwa kwa mpango huu wa "niletee yangu, yako ni kenye imebaki."

Tunapenda kusema madere wa Kenya hawajali gari. Labda. Lakini ukimpa mtu gari kwa huo mpango, kwa nini akimbizane na spea? Na kwa nini asikanyage 110 kama anafukuza trip ya pili ndio afikishe ile thao tatu? Hata hiyo pupa ya mguu nusu yake inatoka kwa tageti.

Jam nayo

Kuna kitu kingine chenye si cha dere wala mdosi. Brathe alikuwa anaingia Kangemi saa moja na nusu asubuhi. Injini ikiwa imewashwa na gari imesimama, unaenda kilomita sufuri kwa lita. Hakuna mguu utarekebisha sufuri. Unaweza kuzima kama unaona foleni haisongi dakika kadhaa, lakini kwa jam ya kuchota hatua mbili mbili, hapo umeshikwa.

Kenye alifanya ni kuongea na mama mwenye viazi, wakakubaliana magunia yafungwe na yapangwe jioni. Sasa anatoka Kinoo saa saba usiku, anapakia, anaingia tao kabla saa kumi na moja. Barabara ni yake. Hiyo pekee ilisaidia sana, lakini tuseme ukweli: ameilipia na usingizi, na barabara ya usiku ina hatari zake. Mji wenye unamfanya mtu achague kati ya kulala na kusevu lita mbili una shida kubwa kuliko mguu wa dere. Barabara ya juu, Expressway, ipo tangu 2022, lakini kutoka Mlolongo hadi Westlands gari ndogo ni soo tano. Hiyo unalipia muda wako, usidhani utairudisha kwa mafuta.

Wiki ya pili ilisema nini

Brathe alinunua thamostati na ea klina kwa doh yake. Zote mbili pamoja hazikufika thao tatu. Tukaweka upepo, tukatoa takataka za nyuma, akapunguza hadi 80, akabadilisha saa za kutoka. Tukapima tena vilevile.

Hatukufika 10. Tulifika 9.5. Nilikuwa nimengoja kitu cha kushtua, nikaona ni kadogo. Halafu tukapiga hesabu.

Kilomita 190 kwa 9.5 ni lita 20. Kwa 170 ni 3,400. Brathe sasa anabaki na 1,600, si 960. Mafuta ilishuka kama asilimia 16 tu, lakini mshahara wake ulipanda kama asilimia 66. Hiyo ni juu yeye ndio anakula mwisho. Kila shilingi ikisevuka huko juu inamwangukia yeye, na kila ikipotea inatoka kwake. Kwa wiki ya siku sita ni karibu 3,800 zaidi. Zile spea zilijilipa kabla wiki iishe. Mathe alipata doh ya dawa.

Usifikirie ni muujiza. Rudisha bei ya Oktoba 2023, lita 20 zinakuwa karibu 4,110, na brathe anabaki na kama 890. Kazi yote ya wiki mbili inafutwa na karatasi moja ya tarehe 14. Mguu mwepesi unakupea nafasi ya kupumua. Haukuokoi kutoka kwa bei.

So tufanye nini?

Kama unaendesha gari ya mtu, anza na kadaftari. Kilomita na lita, kila siku. Bila hiyo namba unabishana na hewa. Pima upepo kila wiki. Toa mguu mapema. Usiweke nyutro. Uliza fundi kama thamostati iko ndani, usishangae ukiambiwa haiko.

Kama wewe ndio mwenye gari, kuna mpango mzuri kuliko "niletee yangu." Lipia sevisi mwenyewe, halafu kubaliana na dere namba ya kilomita kwa lita, na kenye kitasevuka juu ya hiyo namba mgawane. Tairi zako zitadumu, breki zitadumu, injini itadumu, na dere wako hataona sababu ya kukimbizana na kifo huko Salgaa.

Brathe alimpelekea mdosi hiyo daftari Jumapili. Mdosi akaifungua polepole, akaangalia zile namba, akatingisha kichwa. Akasema amefanya poa. Halafu akauliza, kama sasa anabaki na 1,600, mbona tageti isiwe 3,500?

Brathe hajamjibu bado. Ameniambia nihesabu kwanza ni lita ngapi hiyo soo tano. Nimehesabu. Ni karibu tatu, na ni zaidi ya robo tatu ya zenye alikuwa amesevu.